Koki Alipomfungia Binti Yake Maji

Shemeji yangu amefanya kazi ya ufundi bomba kwa miaka thelathini na minane, na muda wote huo sijamwona akiingia nyumba ya mtu kama watu wengine. Husimama kwanza nje, akainamisha kichwa kama kuku aliyesikia mwewe, akasikiliza. Kisha huwaambia wenye nyumba, "Choo chenu kinavuja," hata kama wamemwita kwa ajili ya sinki la jikoni. Na kweli kinavuja. Mtaa mzima humwita Koki. Dada yangu, aliyeolewa naye, humwita Koki pia, ila akikasirika humwita "baba wa watu".

Ana tabia mbili ambazo lazima nizieleze mapema, maana bila hizo haya yanayofuata hayaeleweki.

Ya kwanza, hagusi bomba kabla hajafunga maji kwenye koki kuu, ile ya kwenye mita. Ujanani aliwahi kufungua bomba la ghorofa ya tatu huku maji yako wazi, na chini yake mwenye jengo alikuwa amekaa sebuleni na wakwe zake watarajiwa. Wanasema mkwe wa kiume alitoka na viatu mkononi. Ndoa ilifungwa, lakini Koki hakualikwa. Tangu siku hiyo, hata ukimwomba abadilishe kipande cha mpira kisichozidi kucha, atakwenda kwanza kufunga maji ya mtaa mzima.

Ya pili, hatoki kwenye nyumba mpaka ayaonje maji. Akimaliza kazi huomba glasi, akaijaza bombani, akaiinua dirishani, akanywa nusu. Nusu ya pili humpa mwenye nyumba. Nimemwona akinywa maji ya rangi ya chai kutoka kwenye tangi ambalo ndani yake kulikuwa na mjusi, tena mjusi aliyekwisha kufariki. Kaharisha mara nyingi kwa ajili ya heshima ya kazi yake.

Mtoto wao ni mmoja tu, binti. Dada yangu alisema mmoja anatosha, wa pili ni Koki mwenyewe. Binti huyo anafundisha watoto wa chekechea na ulimi wake ameurithi kwa mama. Mumewe ni dereva wa malori ya mbali, anayeonekana nyumbani kama mgeni. Basi binti alipofikisha mimba ya miezi saba na kliniki wakamwandikia akapigwe picha ya utrasaundi, mume yuko safarini na dada yangu goti limemvimba, ikabidi wazee wawili tumpeleke.

Chumba cha picha kilikuwa kidogo: kitanda chenye shuka la karatasi, pazia, kiti kimoja, na sinki pembeni ambalo koki yake ilikuwa ikidondosha maji. Tok. Tok. Mpimaji alikuwa mama wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Wenzake walimwita Mama Picha.

"Mwenye mimba nani?" akauliza, akitutazama watatu.

"Huyu," Koki akamwonyesha binti yake, kana kwamba lile tumbo halikutosha.

"Na ninyi?"

"Mimi baba yake. Huyu mjomba wake, amebeba mkoba."

"Mkoba una uzito gani mpaka uje na mtu wake?" Lakini akatuacha tuingie.

Akampaka binti jeli tumboni, akateleza na kile kidude chake, na kwenye skrini vikatokea vivuli kama televisheni ya zamani iliyokosa antena. Mama Picha alikuwa akichonga mdomo vizuri kabisa, hiki kichwa, huu mgongo, huyu ni dume kama mlikuwa mnabishana. Koki akanong'ona kwamba kichwa kimefanana na changu mimi, maskini mtoto. Kisha mama akanyamaza. Akapima mahali, akapima tena, akaandika. Mtu aliyekuwa akiongea namna ile akinyamaza, hata mimi niliyebeba mkoba tu nilihisi vibaya.

Tok. Tok.

"Mama," Koki akasema, "hiyo koki yako inataka kubadilishwa mpira tu, dakika tano—"

"Baba, nahesabu."

Akamwambia binti apumzike robo saa, akarudi, akatazama tena palepale. "Mimi napima," akasema hatimaye, "daktari ndiye anayeeleza. Nendeni mlango wa tatu."

Daktari alikuwa kijana mpole. Alichora karatasini maharagwe mawili, akayashushia mirija, chini akaweka puto. Akasema figo hutengeneza mkojo, mkojo hushuka kwenye kibofu, kisha hutoka. Kwa huyu mtoto figo zote mbili zimetanuka kiasi, na kibofu kimejaa. Wamekingoja kimwage na hakikumwaga. Huenda njia ya kutokea imebana. Huenda pia ni jambo la kupita, wako watoto wengi huonekana hivyo tumboni na wakizaliwa hawana kitu.

"Hatujui bado," akasema. "Turudie picha baada ya wiki mbili. Na akizaliwa lazima apimwe, hata akionekana mzima." Akarudia: "Hata akionekana mzima."

Binti alikuwa ameshika ukingo wa meza. "Daktari, atakufa?"

"Kinachotupa moyo ni maji ya chupa, yale yanayomzunguka. Yapo ya kutosha. Maji hayo sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe, kwa hiyo kiasi fulani kinatoka. Yakipungua, hapo ndipo tutakuwa na wasiwasi."

"Yaani anaogelea kwenye mkojo wake?" Koki akauliza.

"Sote tuliogelea, mzee."

Koki akanigeukia. "Shemeji, wewe mbona hukuwahi kutoka?"

Nilicheka, na kucheka kwa umri wangu kuna gharama zake. Nikaomba nielekezwe choo. Niliporudi Koki alikuwa ameinamia ule mchoro, kidole juu ya puto. "Kwa hiyo bomba limebana chini, maji yanarudi nyuma, yanajaza matangi mawili juu."

"Kabisa!" Daktari akafurahi kupata mtu anayeelewa upesi. Alipokosea ni hapo. Fundi akisema ameelewa, muulize anakusudia kufanya nini.

Jioni ile ile Koki alimfungia binti yake maji.

Alimhamishia nyumbani kwao, kwa kuwa mume hayupo, akatoa kabatini kikombe kidogo cha kahawa, akakiweka mezani. "Viwili kwa siku. Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mchuzi uwe mzito. Tikiti maji hapana, machungwa hapana." Dada yangu akauliza ni nani kasema. "Tumetoka hospitali sasa hivi," akajibu, jambo ambalo lilikuwa kweli.

Mtu asidhani ni ujinga tu. Ukimtazama kwa macho yake, mambo yalikuwa sawasawa: tangi linajaa, njia imeziba, fundi wa kuzibua hajafika. Utaacha maji yaendelee kuingia? Binti naye alikuwa ameishi maisha yake yote katika nyumba ambayo mkono wa baba yake haukosei kwenye maji. Akatii. Midomo ikaanza kumkauka, akaumwa kichwa, akawa anawatazama watoto wa chekechea wakinywa uji kama paka anavyotazama bucha.

Siku moja akanifuata uani. "Mjomba, na wewe ulisikia daktari akisema nisinywe maji?"

Mimi sikusikia. Lakini nilikuwa chooni kwa muda wa kutosha, daktari angeweza kusema mengi. Nikamjibu, "Nadhani." Neno hilo moja nimelibeba mpaka leo, na lina uzito kuliko ule mkoba.

Wiki mbili zikaisha, tukarudi. Mama Picha akapaka jeli, akateleza. Safari hii hakuchonga mdomo hata kidogo. Alipima pembe nne za tumbo, akajumlisha, akatoka bila kusema, akarudi na yule daktari kijana. Wakasimama wote wawili mbele ya skrini.

"Maji ya chupa yameshuka sana," daktari akasema. "Dada, umetokwa na maji? Nguo ya ndani imelowa?"

"Hapana."

Daktari akafuta uso kwa kiganja. Nilimwona akitafuta maneno, na nilijua ni maneno gani, maana alikwisha kutuambia: yakipungua, hapo ndipo wasiwasi. Binti naye alijua. Machozi yakamtoka, tena machache, kama nayo yamepimwa kikombe.

Mama Picha ndiye aliyemtazama midomo. "Unakunywa maji kiasi gani wewe?"

"Vikombe viwili. Kama mlivyosema."

"Vikombe gani?"

Binti akaonyesha kwa vidole ukubwa wa kikombe. Ungeweza kukificha ndani ya ngumi.

"Nani kasema hivyo?"

Tok, likajibu sinki. Tok.

"Mimi," Koki akasema. Alikuwa amevua kofia. "Nilifunga koki kuu. Nilitaka kupunguza presha mpaka mje mzibue."

Nimeshuhudia watu wakisemwa, lakini si kama siku ile. Mama Picha alivaa miwani ili amwone vizuri anayemsema. "Mzee, huyu mtoto si sinki! Damu ya mama ndiyo inayomlisha, ukimkausha mama unamkausha yeye! Na figo ambayo tayari inahangaika, wewe ndiyo unaongezea kiu? Wiki mbili! Hata mbuzi hafungiwi maji wiki mbili!" Nami nikasema kwamba nilisema "nadhani". Mama Picha akanipa sehemu yangu.

Kisha akajaza glasi kwenye jagi, akampa binti. Binti akanywa. Akapewa ya pili, akanywa. Ya tatu akainywa huku akimtazama baba yake juu ya ukingo wa glasi, na macho yale nisingependa yanitazame mimi.

Wakamlaza na dripu. Siku nne. Koki alikaa kwenye benchi la nje ya wodi na jagi mapajani, kila saa anamtuma muuguzi apeleke maji. Binti alikataa kumwona mpaka siku ya tatu. Alipomwita alisema hivi tu: "Baba, ukitaka kufunga kitu tena, funga mdomo wako."

"Sawa, mwanangu."

"Na ukijua kitu hospitali hawakijui, waambie wao kwanza."

"Sawa."

Siku ya nne Mama Picha akapima: maji ya chupa yamepanda, si haba. Figo ziko vilevile, zimetanuka. Kwa hiyo tulikuwa tumerudi tulikotoka, na lile swali la kwanza bado limekaa palepale: je, mtoto huyu ana njia ya kukojoa au hana?

Koki hakugusa spana majuma mengi. Watu walimwita, akasema anaumwa mgongo. Siku moja nilimkuta anapita nyumba ya jirani, anasikia kabisa choo kinavuja, anaharakisha hatua.

Mtoto alizaliwa Jumatatu, saa nne ya asubuhi, dume, kilo tatu kasoro, sauti kama ya kondakta. Siku hiyo yote hakuna aliyeuliza amefanana na nani. Kila aliyeingia aliuliza, "Kakojoa?" Shangazi yake aliyekuja na maua aliuliza hivyo kabla ya kusalimia. Jumanne asubuhi dada yangu akafunua nepi, akaipapasa, akapiga kigelegele kilichowaamsha watoto wa wodi nzima.

"Kakojoa! Mume wangu kakojoa! Mashine yao imesema uongo!"

Wakaanza kufunga mizigo. Mkunga akawaambia daktari bingwa wa watoto huja Alhamisi, na faili limeandikwa lazima amwone. Dada yangu akasema Alhamisi tutaona, goti lake halitaki ngazi za pale. Mume wa binti, aliyekuwa amefika alfajiri na vumbi la njia nzima, akasema lori linamngoja. Na binti mwenyewe, amechoka, anataka kitanda chake, akasema, "Si kakojoa? Ndicho tulichokuwa tunangoja."

Koki alikuwa mlangoni. Tangu yale ya maji alizoea kukaa mlangoni. Akauliza kwa sauti ndogo kama anaweza kukaa na mtoto kidogo wakati wanafunga mizigo. Nepi ikiwa wazi.

"Utamgusa?" binti akauliza.

"Simgusi."

Akavuta kigoda, akaweka mikono magotini, akatazama. Wanawake wakacheka. Mama wa kitanda cha pili akasema hajaona babu mwenye wivu namna hiyo, anakagua mali ya mwenzake. Koki akaendelea kutazama. Saa nzima. Saa ya pili. Mizigo imefungwa, teksi inapiga honi chini. Akainamisha kichwa upande, vile anavyofanya nje ya nyumba za watu.

"Mwanangu," akasema, "huyu hakojoi."

"Baba! Nepi imelowa!"

"Imelowa. Amekojoa mara nne nikiwa hapa, na mara zote nne ni matone. Hairuki, hata inchi. Inadondoka kama ile koki ya Mama Picha. Maji yakidondoka hivyo kwenye nyumba ya mtu, haina maana kwamba yanapita. Ina maana yamekwama."

Dada yangu akamjia juu. "We baba wa watu! Juzi ulitaka kumkausha, leo hujaridhika na mkojo wake? Unataka akojoe kama ng'ombe?"

Binti alikuwa anamtazama baba yake, na sote tulijua anakumbuka kikombe.

"Mama yako anasema kweli," Koki akasema. "Mara ile nilikimbilia spana. Sikusikiliza. Leo sijashika kitu, nimekaa nimesikiliza tu. Naweza nikawa nimekosea tena. Nikiwa nimekosea mtakuwa mmelala hapa siku mbili bure, mnicheke. Ila uliniambia nikijua kitu niwaambie wao kwanza. Niruhusu nikawaambie."

Teksi ikapiga honi tena. Binti akaangalia mkoba, akaangalia mtoto. Pale pale, mbele yetu, mtoto akatoa tone. Likakaa. Likafuata jingine.

"Mjomba," akaniambia, "shuka ukamwambie huyo dereva aende zake."

Alhamisi daktari bingwa akaja, mama mwembamba asiye na muda. Akabonyeza tumbo la mtoto chini ya kitovu, akasimama. "Kibofu hiki kigumu kama limau. Nani kaona kwamba anadondosha, kama ilivyoandikwa hapa?"

Sote tukamwonyesha Koki kwa kidole, kama wezi wanaomtaja mwenzao.

"Wewe ni nani, mzee?"

"Babu. Fundi bomba."

"Ulijifunza wapi kuangalia mtoto hivi?"

"Chini ya masinki ya watu."

Wakampitishia mtoto mpira mwembamba wa mkojo, na mkojo ulioshuka ulitosha kuwanyamazisha wanawake wote. Kisha wakampiga eksirei yenye dawa. Ikaonekana: kwenye njia ya mkojo kulikuwa na vijikunjo vya ngozi, vyembamba kama utando wa kitunguu, vinavyoachia kidogo na kuzuia kingi. Daktari akaeleza. Koki akauliza kama ni kama ile valvu ya kuzuia maji yasirudi, lakini imefungwa kinyume. Daktari akafikiri, akasema ndiyo, na kwamba kesho atawaelezea wanafunzi wake hivyo hivyo. Akasema pia kwamba wengine hupelekwa nyumbani kwa sababu nepi imelowa, na hurudi baada ya majuma na homa, figo zimeshaharibika. Dada yangu akatazama goti lake.

Baada ya siku kumi wakamkata vile vijikunjo kwa kifaa chenye kamera, chembamba kama sindano ya kufumia. Niseme hili kabisa sasa, maana nikifika mwisho nitacheka nisahau: kijana ana miaka minne. Figo moja ni nzima, ya pili ni mvivu kidogo, na kila baada ya miezi sita anapelekwa kupimwa. Mama Picha humpima yeye mwenyewe sasa, jeli kwenye tumbo lake. Na sinki lake halidondoshi tena. Alimwomba Koki mwenyewe, kwa adabu, na Koki akaenda kwanza kufunga maji ya hospitali nzima, kukawa na ugomvi mkubwa.

Lakini siku ninayotaka kumalizia ni ile waliyomtoa mpira baada ya kukatwa. Tulikaa tukikizunguka kitanda, sote pamoja na daktari. Mtoto amelala chali, anashangaa dari. Koki ameinama karibu sana, sikio upande wa kazi.

"Baba, sogea," binti akasema.

"Nasikiliza."

Hakupata muda wa kusikiliza. Ilitoka kama mtu amefungua koki ya barabarani. Ikapanda juu, ikapinda vizuri, ikampiga Koki shavuni, ikashuka kwenye masharubu, ikaendelea. Hakusogea. Daktari alikuwa anacheka na huku anahesabu sekunde. Dada yangu akapiga kigelegele cha pili, safari hii cha haki.

Ilipokwisha, binti akachukua glasi mezani, akamnyooshea baba yake, huku machozi yanamtoka, na haya hayakupimwa.

"Haya, fundi. Si hutoki mpaka uonje? Nusu yako iko wapi?"

Koki akapitisha ulimi kwenye masharubu, akatafakari kidogo kama anavyotafakari maji ya watu.

"Nimeshapata," akasema. "Nusu nyingine mpe shemeji."